Mzigo Usioonekana: Somo juu ya Mawazo ya Kujiua

Mwezi huu twajifunza jambo ambalo wengi hulinong'ona tu. Mtu wa Zuzu akishikwa na homa, jirani huja kumjulia hali. Lakini mtu akichoka kuishi, hakuna amwulizaye, maana mwenyewe amenyamaza. Je, watu wa namna hii ni wachache?

1. Si wachache. Mwaka 2008 wataalamu walitoa hesabu ya watu wazima karibu 85,000 waliohojiwa katika nchi 17, na Nigeria na Afrika Kusini zilikuwamo. Katika kila watu 100, kama 9 walikiri kwamba wakati fulani wa maisha yao waliwaza sana kujiua. Waliojaribu walikuwa karibu 3. Basi, hesabu watu wa mtaa wako, nawe utafahamu ya kuwa jambo hili haliko mbali. Lakini iangalie na faraja iliyomo: wengi wa wale 9 hawakujaribu kamwe. Wazo hili laweza kupita.

2. Vyanzo vyake. Ni mara chache sababu kuwa moja. Aliyewahi kujaribu yu hatarini kuliko wengine. Kisha kuna sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ulevi, maradhi ya siku nyingi, kufiwa, deni, kupigwa nyumbani, na upweke. Katika Ugogo, mvua ikikatika mapema na mtama ukakauka shambani, baba mwenye deni aweza kujiona hana faida kwa watoto wake. Ukame peke yake haumfikishi huko. Lakini ukiwekwa juu ya ulevi na upweke, mzigo humshinda.

3. Kwa nini hufichwa? Kwanza ni aibu. Pili ni sheria: katika Tanzania Kanuni ya Adhabu huhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mwenye hofu ya polisi hasemi. Huko Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo chapingana na Katiba. Tatu, wako wasemao kwamba mwenye wazo hili hana imani. Na wamkumbuke Eliya, aliyeketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakukemewa, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji.

4. Yatupasa kufanya nini? Wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu ni kumtia wazo. Sivyo. Mwulize faraghani, kwa upole, tena waziwazi: "Ndugu yangu, je, umewaza kujiua?" Kisha sikiliza, wala usimkaripie. Akikiri, usimwache peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa shamba zifungiwe mbali naye. Mpeleke kwa mganga wa zahanati, au katika Hospitali ya Mirembe, mjini Dodoma, ambayo tangu miaka ya 1920 hutibu maradhi ya akili. Kutoka Zuzu si safari ya siku nzima. Na arudipo, mtembelee tena, maana siku za kwanza nyumbani zina hatari.

Nawe usomaye, ikiwa mzigo huu ni wako, mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua.

Maswali ya kuzungumza:
Ni nani katika mtaa wetu aliyeacha kuonekana?
Ni nani atakayekwenda kumwona juma hili?