MOTERI YA BOTI IKIKATAA KUWAKA, TAFUTA CHECHE KWANZA



Mwanzo wa mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kutoka Ituri kuja hapa Uganda. Mimi nilikuwa mmoja wao, ningali mwanafunzi. Katikati ya ziwa moteri yetu ilizima. Mwendeshaji alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka, na mama zetu wakaanza kusali kwa sauti. Ndipo mzee mmoja mvuvi akamwambia, "Acha kuvuta, mwanangu. Tuangalie buji." Akachomoa kofia ya mpira iliyo kwenye ncha ya waya, akakuta imelowa maji ya mawimbi. Aliomba kitenge cha mama mmoja, akaikausha ndani na nje, akairudisha. Kwa mvuto wa tatu moteri ikawaka.

Wengi wenu mnafanya vibarua kwenye boti za wavuvi, na swali mnaloniletea karakana ni lile lile: moteri imekataa, tuanzie wapi? Anzeni kwa kujua kinachokosekana, petroli au cheche. Anayefungua kabureta kabla ya kujua hilo anapoteza siku nzima, na pengine na skrubu ndogo mbili.

Kwanza tazama mambo mepesi. Je, kile kibanio cha usalama chenye kamba kimechomekwa mahali pake? Usicheke, nimewaona watu wazima wakivuta kamba nusu saa kwa sababu ya kibanio hicho. Je, kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimefunguliwa? Je, pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta inakuwa ngumu ukiibonyeza?

Kama hayo yote ni sawa, fungua buji kwa spana yake. (Sisi wa Congo tunasema buji, mafundi wa Tanzania husema plagi. Ni kitu kimoja.) Iangalie vizuri. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, huenda petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui, basi shaka kubwa iko kwenye umeme. Ikiwa nyeusi na ina utelezi, mafuta mazito yamezidi katika mchanganyiko. Moteri nyingi za mipigo miwili hutaka lita 1 ya mafuta mazito kwa lita 50 za petroli, lakini fuata kitabu cha moteri yako. Wako wanaoongeza wakidhani wanailinda. Wanachopata ni moshi na buji iliyoziba.

Sasa tafuta cheche. Kausha buji, irudishe ndani ya kofia yake, kisha laza mwili wake wa chuma juu ya chuma kitupu cha moteri, mbali na tundu ulipoitoa, kwa sababu tundu hilo hutoa mvuke wa petroli. Futa petroli yote iliyomwagika na mwambie kila mtu azime sigara. Shika kofia kwa koleo lenye mikono ya mpira, usishike kwa vidole: umeme huo ni wa maelfu ya volti, na mtu akirushwa akiwa ukingoni mwa boti huangukia majini. Mwenzako avute kamba kwa nguvu. Simama kivulini, maana kwenye jua kali hata cheche nzuri haionekani. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia ta-ta-ta. Cheche dhaifu ni nyekundu au ya rangi ya chungwa. Usivute kamba hata mara moja buji ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma. Umeme ukikosa njia unaweza kuunguza koili.

Hakuna cheche? Weka buji nyingine unayojua ni nzima. Kama moteri ina silinda mbili, badilishana buji za juu na chini. Ubovu ukihama pamoja na buji, umeupata, na umetumia pesa kidogo. Ukinunua mpya, soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani na ununue yenye namba hiyo hiyo. Buji inayoingia kwenye tundu si lazima iwe buji sahihi.

Ubovu ukibaki palepale, geukia kofia na waya. Ndani ya kofia mara nyingi utakuta kutu ya kijani. Kwenye moteri nyingi kofia hufunguka kwa kuizungusha. Kata ncha ya waya kiasi cha nusu sentimita, ifunge tena, ujaribu. Tazama pia waya wa ardhi unaofungwa kwa bolti kwenye chuma cha moteri. Ukilegea au ukiota kutu, cheche hupotea.

Kisha kuna waya wa kuzimia. Kazi ya kitufe cha kuzima ni kuupeleka umeme ardhini ili cheche ife. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, ni sawa na kitufe kubonyezwa siku nzima. Uchomoe kwenye kiungo chake, ujaribu tena. Cheche ikirudi, kosa ni la kitufe au waya, siyo koili. Lakini kumbuka kwamba sasa kitufe hakizimi. Utaizima moteri kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta. Usiende ziwani hivyo. Mtu akianguka, hakuna cha kusimamisha moteri.

Ubovu unaowasumbua watu zaidi ni ule wa joto. Asubuhi moteri inawaka vizuri, baada ya nusu saa inazima, ikipoa inawaka tena. Wenye boti husema ni petroli chafu, na mara nyingine ni kweli. Ila ukipima cheche palepale ilipozima, ikiwa ingali moto, na ukakuta haipo, mshuku koili au kile kisanduku cheusi kinachoitwa CDI. Ukisubiri ipoe utapima kitu kizima. Usinunue kwanza, azima cha moteri ya aina hiyo hiyo, ujaribu. Na tafadhali msizungushie koili mfuko wa nailoni kuikinga na mvua. Nailoni hufungia joto na unyevu ndani.

Ikiwa cheche ipo na ni nzuri, petroli inafika, lakini moteri inarusha kamba nyuma, huenda kipande kidogo kinachoshikilia gurudumu la sumaku kimekatika. Hapo lete moteri karakana. Gurudumu hilo hutolewa kwa kifaa chake, na likigongwa nyundo sumaku hupasuka.

Kabla ya kutoka mwaloni weka ndani ya mfuko usiopitisha maji buji moja nzima, spana yake, koleo na kitambaa kikavu. Makasia mawili na jaketi za kuokolea zisikose. Somo lijalo litahusu kabureta. Atakayekuja aje na moteri yenyewe, siyo maelezo yake tu.