Umepenya Mashine ya Gemu? Fanya Hivi, Usifanye Vile

Maagizo haya ni ya kijana mhamiaji anayezungumza Kiswahili, anayekaa Kensington ya Johannesburg au kule chini Bezuidenhout Valley, mwenye bisibisi mkononi na mashine ya gemu iliyofunuliwa mezani. Ameona tundu ambalo kampuni haikuliona, na sasa anajiuliza alitoe hadharani au akae nalo. Jibu langu nalitoa mapema: alitoe. Lakini kuna masharti, na sitayalegeza kwa sababu tu anayeyasoma ni kijana wetu.

Msingi wa yote ni huu. Ulichokigundua ndani ya mashine uliyoinunua kwa pesa yako, una haki ya kukieleza. Funguo za siri za kampuni, jasho la waliotunga gemu na akaunti za wachezaji wengine si mali yako, hata kama umevifikia kwa akili yako mwenyewe.

Fungua mashine yako, si ya mteja

Ukiletewa PlayStation kwa sababu haisomi diski, shughulikia lenzi, mrudishie mwenyewe. Usiifanyie majaribio. Ndani yake mna akaunti yake na pengine kadi yake ya benki, na sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, imekuwa ikibana kikamilifu tangu Julai 2021. Mashine unayouziwa mkononi na mtu usiyemjua, bila risiti, iache hapo hapo.

Ijue pia kwa jina Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 19 ya 2020, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika tarehe 1 Desemba 2021. Inamwadhibu anayeingia isivyo halali katika mfumo wa kompyuta au data, na inamfuata pia anayetumia au kumiliki zana, iwe programu au kifaa, kwa nia ya kufanya hivyo. Kwa hiyo nia yako ionekane kwenye karatasi. Weka risiti. Weka daftari la majaribio lenye tarehe, ueleze ulichokuwa ukitafuta na sababu yake. Wewe ambaye ombi lako la ukimbizi bado halijaamuliwa, zingatia hili mara mbili, maana kesi ya jinai ni mzigo ambao huna pa kuuweka. Na usijidanganye kwamba nyumbani hakuna sheria: Tanzania ina yake ya 2015, Kenya ya 2018.

Iambie kampuni kwanza, kwa maandishi, na uiwekee tarehe

Mfano wa kufuata ni wa mtafiti Kate Temkin na Nintendo Switch. Programu ya kuwashia iliyochomwa ndani ya chipu ya Tegra X1 ya Nvidia ilikuwa na kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa nalo alama. Mashine ikiwa katika hali ya dharura, ilikubali kupokea kwa waya wa USB data nyingi kuliko nafasi iliyotengewa. Data ikafurika, ikaandika juu ya sehemu ya kumbukumbu inayoamua hatua inayofuata, na aliyeifurisha kwa makusudi akawa ndiye mwenye amri. Programu hiyo huchomwa kiwandani, kwa hiyo hakuna apdeti inayoweza kuliziba tundu kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa.

Temkin aliwaarifu Nvidia na Nintendo, kisha akapanga kutoa maelezo kamili tarehe 15 Juni 2018. Habari zilivuja mapema, na Aprili 23 maelezo yakawa hadharani. Lakini kampuni zilikuwa zimekwisha kuambiwa. Mashine zilizotoka kiwandani baadaye mwaka huohuo hazikuwa tena na tundu lile.

Siku 90 ni muda wa haki. Ndio ambao kikosi cha usalama cha Google, Project Zero, huzipa kampuni. Usiombe malipo kama sharti la kunyamaza, maana huo ni unyang'anyi. Lakini zawadi iliyotangazwa na kampuni yenyewe ipokee bila aibu. Nintendo ilifungua mpango wake Desemba 2016, kuanzia dola 100 hadi 20,000. Sony ilifungua wake kwa umma Juni 2020, na kosa zito kabisa la PS4 likawekewa dola 50,000 kwenda juu. Kwa kijana wa Kensington hizo ni pesa za kununua nyumba. Usizipokee kupitia akaunti ya rafiki kwa kuwa wewe huna akaunti. Tafuta wakili au shirika la kusaidia wahamiaji likuongoze, hata kama itachukua miezi.

Usikae na tundu ukingoja mnunuzi

Hapa ndipo wale wanaosema "usitoe kabisa" wanapokosea, na kosa lao ni kubwa. Tundu linalofichwa halizibiki kwa kufichwa. Hugeuka bidhaa. Kundi la Team Xecuter liliuza vifaa na programu za kupenya Switch na mashine nyingine, na wateja wake wengi walinunua ili wacheze gemu za wizi. Temkin alisema waziwazi kwamba mojawapo ya sababu zake za kutoa maelezo bure ni kutotaka maarifa hayo yabaki mikononi mwa wachache wenye kuyafanyia biashara.

Mwisho wa biashara ile unajulikana. Gary Bowser, Mkanada aliyekuwa sura ya kundi hilo, alikamatwa mwaka 2020 akiwa Jamhuri ya Dominika. Februari 2022 mahakama ya Seattle ilimhukumu miezi 40 jela. Akabeba fidia ya dola milioni 4.5 katika kesi ya jinai na milioni 10 katika kesi ya madai ya Nintendo, deni ambalo hatalimaliza maisha yake yote. Naiona adhabu hiyo ni nzito mno kwa mtu ambaye hakuwa mkuu wa kundi. Lakini ndivyo kosa hilo linavyopimwa, na wewe huna sababu ya kudhani kwamba kwako mizani itakuwa nyepesi.

Eleza kosa. Usigawe ufunguo.

Sharti hili ndilo linalovunjwa zaidi, na ndilo ninaloliwekea mkazo kuliko yote.

PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ilimruhusu mwenye mashine kuweka Linux. Watu waliitumia kwa kazi za maana. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya PS3 1,700 kuwa kompyuta moja kubwa. Januari 2010 kijana George Hotz alitangaza kwamba ameipenya. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ikatoa apdeti iliyoiondoa Linux, hata kwa waliokuwa wameinunua mashine kwa ajili yake. Huo ulikuwa udhalimu, nasema bila kusita. Wateja wa Marekani walishtaki, na mwaka 2018 Sony ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kuimaliza kesi.

Desemba mwaka huo wa 2010, kwenye mkutano wa wadukuzi jijini Berlin, kundi la fail0verflow lilieleza kosa lenyewe. Saini ya kidijitali ya aina iliyotumiwa na Sony inahitaji namba mpya ya bahati nasibu kila inapotiwa. Sony ilikuwa ikitumia namba ileile. Ukishika saini mbili zilizotumia namba moja, hesabu ya kawaida inakutolea ufunguo wa siri. Somo hilo linafaa kufundishwa katika kila chuo cha kompyuta, na aliyelisikia hatalirudia kosa hilo kwenye mfumo wa benki au wa hospitali. Hiyo ndiyo faida ya kutoa hadharani.

Siku chache baadaye, Januari 2011, Hotz akaanika ufunguo mkuu wenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Fundi wa kufuli akiwaambia wakazi wa Roberts Avenue kwamba kufuli za aina fulani zinafunguka kwa kutikiswa, wenye nyumba watazibadilisha. Akichonga nakala za ufunguo na kuzimwaga barabarani, hajamfundisha mtu yeyote kitu. Ufunguo ule haukuweza kubadilishwa kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa.

Sony ilifungua kesi tarehe 11 Januari. Iliwashtaki Hotz pamoja na watu wa fail0verflow, kwa hiyo usitegemee kwamba mahakama itaiona tofauti ninayoieleza hapa. Ilipata hata kibali cha kudai anwani za intaneti za waliotembelea tovuti ya Hotz. Fikiria: msomaji aliyepita tu akawa kwenye faili la mawakili. Kesi iliisha kwa mapatano mwezi Machi, Hotz akifungwa na amri ya kutogusa tena bidhaa za Sony. Ukianika ufunguo, unawaingiza wanaokusoma katika vita ambavyo hawakuvichagua.

Usiguse seva

Mashine iko mezani kwako. Seva iko kwao, na mna watu ndani. Aprili 2011 wavamizi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation, taarifa za akaunti milioni 77 zikawa hatarini, na huduma ikafungwa zaidi ya wiki tatu. Sony nayo ilikuwa na hatia: Januari 2013 mdhibiti wa taarifa binafsi wa Uingereza aliipiga faini ya pauni 250,000 kwa uzembe. Lakini uzembe wa mwenye seva haukupi wewe ruhusa ya kuingia.

Tundu linalopitia mtandaoni, lisitoke mpaka lizibwe

Hapa siku 90 hazitoshi. Desemba 2022 ilielezwa hadharani kasoro iliyokuwa katika gemu kadhaa za Nintendo, zikiwemo Mario Kart 7 na Splatoon 2. Mchezaji aliweza kuiteka mashine ya mwenzake kwa kucheza naye tu mtandaoni. Fikiria mtoto wa miaka tisa, na upande wa pili mtu mzima anayesikiliza maikrofoni ya mashine yake. Waliogundua waliiripoti kwa Nintendo, wakangoja, na Mario Kart 7, gemu ya 2011, ikapata apdeti baada ya miaka mingi bila apdeti. Wewe nawe ngoja. Ukiona kampuni imelala, tangaza kwamba hatari ipo na watu wazime mchezo wa mtandaoni. Namna ya kuitumia hatari hiyo, usiitoe.

Usibandike gemu za watu kwenye kazi yako

Hata moja. Hata ya zamani. Hata "kwa majaribio". Julai 2018, miezi mitatu baada ya tundu la Switch kujulikana, gemu ya Semblance ilitoka kwenye Switch hiyohiyo. Ilielezwa kuwa ya kwanza iliyobuniwa Afrika kufika kwenye mashine ya Nintendo. Walioitengeneza ni Nyamakop wa hapa hapa Johannesburg, studio iliyoanzishwa na Cukia Kimani na Ben Myres, waliosoma Wits, safari fupi ya teksi kutoka Kensington. Studio ndogo kama hiyo haina jeshi la mawakili la Nintendo. Ukitoa mbinu yako ikiwa na gemu ndani, au na kiungo cha kwenda kuzichukua, unawaibia hao kabla hujawaibia Wajapani.

Toa bila woga kwa ajili ya mashine zilizoachwa

Ukitaka kujua kwa nini nasema tundu litolewe, ingia kibanda chochote cha gemu Dar es Salaam, Mombasa au Goma. PS2 iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, na lenzi zake zinakufa moja baada ya nyingine. Zinazoishi, nyingi zinaishi kwa sababu ya mbinu iliyotolewa bure miaka mingi iliyopita, Free McBoot. Memori kadi inaiwasha mashine na gemu inasomwa kutoka kwenye flashi, bila diski na bila lenzi. Ada za shule zimelipwa na mashine hizo. Nintendo nayo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U Machi 2023. Uliyonunua unaweza kuyapakua tena mpaka watakapoamua vinginevyo, lakini mapya hununui. Kampuni ikishaipa mashine kisogo, anayeeleza namna ya kuifungua anafanya kazi ya matengenezo ambayo kampuni imekataa.

Sheria ya hapa bado haijatuliza jambo hili. Hakimiliki ya Afrika Kusini inasimama juu ya sheria ya 1978, na muswada wa kuirekebisha Rais Ramaphosa aliupeleka Mahakama ya Katiba Oktoba 2024. Usimwambie mtu kwamba kufungua mashine kumeruhusiwa kwa sababu ulisikia kwamba Marekani kuna msamaha fulani.

Madogo yasiyosamehewa

Usipige picha inayoonyesha namba ya mashine. Mwingine anaweza kuitumia, na ukafungiwa wewe. Usiandike chochote kwenye chipu wakati umeme ni wa kubahatisha: Johannesburg imeujua mgao wa umeme, na mashine inayokatikiwa katikati ya kuandikwa inaweza isiwake tena. Kama huna inverta, subiri. Usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mashine pekee ya wadogo zako.

Andika maelezo kwa Kiswahili pia. Fundi wa Bukavu au Tanga asilazimike kubahatisha neno la onyo ambalo likimpita ameua mashine ya mtu.

Siku ikifika, toa

Taja toleo la programu linalohusika, mashine zipi zinaguswa na zipi haziguswi, na nini kinaweza kuharibika. Anza na onyo la kufungiwa akaunti, si mwisho kwa herufi ndogo. Weka tarehe uliyoiarifu kampuni na jibu ililokupa, neno kwa neno. Kampuni ikiomba muda zaidi ikiwa na tarehe ya apdeti mkononi, ipe, mara moja tu. Ikirudi mara ya pili bila tarehe, na tundu lako halimwingizi mtu kwenye mashine ya mwenzake, usiandikiane nayo tena. Chapisha asubuhi ileile uliyoahidi.