Kutafuta Magma Chini ya Bonde la Ufa kwa Kupima Umeme

Malengo
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini magma hupitisha umeme kuliko mwamba mkavu;
(b) kueleza jinsi upimaji unavyofanyika;
(c) kutaja mipaka ya njia hii. Usiiruke (c): ndiyo inayopima kama umeelewa au umekariri tu.

1. Msingi wa njia
Mwamba mgumu na mkavu hupitisha umeme kwa shida. Ukiyeyuka, ayoni zake, hasa za sodiamu, hupata nafasi ya kutembea na kubeba mkondo. Uwezo wa kitu kuzuia mkondo huitwa ukinzani mahususi, nao hupimwa kwa om mita. Kumbuka makadirio haya:

- Basalti ngumu na kavu: zaidi ya 1,000
- Mwamba uliogeuka mfinyanzi: 1 hadi 10
- Basalti iliyoyeyuka: karibu 1 au chini yake
- Maji ya bahari: 0.3 hivi

Si lazima mwamba wote uyeyuke. Magma kidogo iliyoungana kati ya chembe za mwamba hushusha ukinzani sana. Matone yaliyotengana hayaushushi kiasi hicho.

2. Jinsi ya kupima
Njia inayofika mbali zaidi chini huitwa magnetoteluriki. Wapimaji hawapeleki umeme ardhini. Hutumia mawimbi ya asili. Mawimbi mafupi hutokana na radi, na marefu hutokana na chembe za jua zinapogongana na uga wa sumaku wa dunia.

Hatua ni hizi:
(i) Elektrodi hufukiwa kwa jozi mbili, moja kaskazini–kusini na nyingine mashariki–magharibi, ili kupima uga wa umeme.
(ii) Koili hufukiwa karibu ili kupima uga wa sumaku.
(iii) Vifaa huachwa virekodi, mara nyingi usiku kucha.
(iv) Uwiano wa nyuga hizo mbili hutumika kukokotoa ukinzani wa ardhi.

Wimbi refu hupenya zaidi. Makadirio ya kina chake kwa mita ni:

Kina = 500 × √(ukinzani × muda wa wimbi moja kwa sekunde)

*Mfano:* Ukinzani ni om mita 100. Wimbi la sekunde 1 hufika 500 × √100 = mita 5,000, yaani kilomita 5. Wimbi la sekunde 100 hufika 500 × √10,000 = kilomita 50.

3. Mfano halisi: Afar, Ethiopia
Septemba 2005, ardhi ya Afar, kaskazini mwa Bonde la Ufa, ilipasuka. Magma iliingia katika ufa wenye urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine kingo zake zilitengana kwa mita 8. Magma hiyo ilikadiriwa kuwa kilomita za ujazo 2.5. Swali likabaki: je, imekwisha?

Upimaji wa magnetoteluriki ulionyesha eneo kubwa lenye ukinzani mdogo, linaloshuka hadi chini ya ganda la dunia. Wanasayansi walikadiria magma isiyopungua kilomita za ujazo 500. Gawanya 500 kwa 2.5 upate 200: iliyoingia kwenye ufa ilikuwa sehemu ndogo mno ya iliyopo.

4. Mtego
Tazama tena makadirio ya sehemu ya 1. Mfinyanzi na maji ya chumvi navyo vina ukinzani mdogo. Katika maeneo ya jotoardhi, mfinyanzi hufanyika juu ya eneo la moto mkali. Chini yake, joto linapozidi nyuzi 230 hivi za Selisiasi, madini hubadilika na ukinzani hupanda tena. Kwa hiyo penye ukinzani mdogo zaidi huenda pasiwe penye joto kubwa zaidi.

Tena, magma iliyo kidogo inaweza isionekane. Mwaka 2009, huko Krafla, Iceland, kisima kilichokusudiwa kufika zaidi ya kilomita 4 kiligonga magma kwenye kina cha kilomita 2.1. Nchini Kenya, visima vya Menengai navyo vilikuta magma kwenye kina cha kilomita 2 hivi.

5. Swali la mazoezi
“Penye ukinzani mdogo chini ya volkano pana magma.” Jadili.

*Jibu fupi:* Kauli ni kweli kwa sehemu tu.
- Inakubalika kwa kuwa magma iliyoungana hushusha ukinzani, kama ilivyoonekana Afar.
- Haitoshi kwa kuwa mfinyanzi na maji ya chumvi huleta matokeo yaleyale.
- Kwa hiyo matokeo hulinganishwa na ushahidi mwingine, kama mitetemo ya ardhi, kuvimba kwa uso wa nchi na visima.

Kumbuka: Kifaa hupima ukinzani, hakipimi magma. Neno “magma” ni hitimisho, na hitimisho huhitaji ushahidi.