Idadi ya Kromosomu katika Maisha ya Kimelea cha Malaria

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba seli za mwili huwa na kromosomu zilizo jozi jozi, na kwamba gameti hupata nusu yake. Kwa mwanadamu ni sahihi: 46 hupungua kuwa 23. Lakini aidhaniaye kuwa kanuni ya viumbe vyote atakosea mara akutanapo na Plasmodium falciparum, kiumbe cha seli moja kiletacho malaria kali.

Kwa muda wote kiishipo katika ini na damu ya mtu, kimelea hiki huwa na seti moja tu ya kromosomu, yaani 14. Hali hiyo huitwa haploidi. Ndani ya chembe nyekundu za damu huzaliana pasipo kujamiiana, kwa mzunguko wa saa 48 hivi, na kila kiini kipya hupata 14 zile zile. Vichache hugeuka kuwa seli za kiume na za kike, nazo pia ni haploidi. Zikinyonywa na mbu jike wa Anofelesi, ile ya kiume hunakili DNA yake mara tatu katika robo saa hivi, ikatoa gameti nane. Idadi haipunguzwi hapo, kwani hakuna jozi ya kutenganisha.

Gameti mbili zikiungana tumboni mwa mbu, zaigoti huwa na kromosomu 28. Hii ndiyo hali pekee ya diploidi, nayo ni fupi mno: baada ya saa chache meiosisi huanza, na kila seti hurudi kuwa ya 14. (Asitarajie mtu kuzihesabu kwa hadubini, maana hazinenepi vya kutosha, katika miaka ya 1980 zilitenganishwa kwa umeme ndani ya jeli.)

Jambo hili lina uzito wake katika tiba. Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001, ikatumia mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini kuwa dawa ya kwanza hadi 2006. Usugu dhidi ya pirimethamini hutokana na mabadiliko ya jeni iliyo katika kromosomu ya 4. Dhidi ya sulfadoksini, ya 8. Tuseme mgonjwa ana vimelea vya namna mbili, kila kimoja kikiwa na usugu mmoja. Katika damu yake jeni hizo hazikutani. Ndani ya mbu, gameti za namna hizo mbili zikiungana, kromosomu ya 4 na ya 8 hugawanywa bila kutegemeana, na kwa wastani robo ya wazao hurithi usugu wote wawili. Robo nyingine haina hata mmoja. Mbu aliyenyonya vimelea vya namna moja tu hazalishi mchanganyiko wowote mpya, ijapokuwa meiosisi hufanyika vile vile.