Hoteli ya Kulipia Vyote: Shilingi ya Mgeni Hupita Wapi?

Mgeni anashuka katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda saa nne asubuhi. Gari la hoteli linamngoja. Mapokezini anafungwa ukanda wa plastiki mkononi, na kuanzia hapo hadi siku ya kuondoka hahitaji kutoa pochi. Chakula cha asubuhi, mchana na jioni, vinywaji, ngoma za usiku na michezo ya majini, vyote alivilipia kabla hajaondoka kwao.

Nje ya ukuta, dereva wa tuktuk, mama muuza leso na vikoi, na kijana wa mashua wanamsubiri. Wiki inakwisha bila kumuuzia kitu. Wengi huishia kusema mgeni ni mchoyo. Ukweli ni kwamba pesa zake zilitumika mapema, na waliozipata walijulikana kabla ndege haijatua. Ndiyo maana mkaazi anayetaka kunufaika na hoteli kubwa ya aina hii anapaswa kujitokeza mapema, tena si ufuoni pekee.

Mtindo wenye miaka mingi

Kampuni ya Kifaransa ya Club Med ilifungua kijiji chake cha kwanza cha likizo mwaka wa 1950 huko Alcúdia, kisiwani Mallorca, Uhispania. Wageni walilala kwenye mahema na kulipa bei moja. Mtindo huo umeenea duniani, Pwani ya Kenya ikiwemo, kwa sababu familia hujua gharama ya likizo nzima tangu mwanzo.

Mwaka wa 1999 serikali ya Gambia ilipiga marufuku malipo ya aina hiyo, baada ya kilio kwamba migahawa na madereva wa teksi hawapati kitu. Mwaka wa 2000 marufuku iliondolewa, kwani mtalii asiyepata anachotaka nchi moja huchagua nyingine. Funzo ni kwamba kuufunga mlango si dawa. Kazi iliyopo ni kujua pesa hupitia wapi.

Hatua ya kwanza: kabla ya msingi kuchimbwa

Mradi mkubwa wa ufuoni huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Huhitaji pia kibali cha ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019. Matangazo yanapotolewa, wananchi hualikwa kutoa maoni katika muda uliotajwa. Maoni ya maandishi yana uzito kuliko manung'uniko ya barazani.

Yapo mambo ya kuuliza. Maji ya vidimbwi vya kuogelea yatatoka wapi? Karibu na bahari, kisima kinachovutwa kupita kiasi huingiza chumvi hata kwenye visima vya majirani. Maji taka yatakwenda wapi? Je, taa za usiku zitawasumbua kasa wanaotaga ufuoni? Njia ya wavuvi kwenda dikoni imechorwa kwenye ramani ya mradi? Njia isiyochorwa ni vigumu kuidai ukuta ukishasimama.

Ufuo wenyewe una ulinzi wake. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hushikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hoteli inaweza kumiliki ploti iliyo juu ya alama hiyo, lakini si mchanga unaofunikwa na maji.

Hatua ya pili: ajira

Msimu wa wageni hupungua mvua za masika zinapoanza, takriban Aprili hadi Juni, na vibarua ndio huachwa kwanza. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kijana asiianze kazi ya msimu mzima kwa ahadi ya mdomo. Nafasi za mapishi na mapokezi huenda kwa wenye vyeti, kwa hivyo mafunzo yaanze hoteli ikiwa bado inajengwa.

Hatua ya tatu: jikoni

Kwa kuwa wageni hula humo humo, jikoni ndilo soko kubwa. Meneja wa ununuzi hutaka mzigo wa kiwango kilekile kila wiki, ankara, nambari ya PIN ya ushuru na akaunti ya benki. Ni vigumu kwa mkulima mmoja kutimiza hayo, lakini kikundi kinaweza.

Tatizo ni kusubiri malipo. Tuseme kikundi kinapeleka kilo 100 za nyanya kila wiki kwa shilingi 80 kwa kilo. Hizo ni shilingi 8,000. Hoteli ikilipa baada ya wiki 8, kikundi kitakuwa kikidai shilingi 64,000 kabla ya kupokea senti ya kwanza. Bila akiba au mkopo wa sako, mavuno ya pili hayatapandwa. Siku ya malipo iandikwe kwenye kandarasi.

Hatua ya nne: mgeni anapotoka

Mgeni wa siku saba huchoka kukaa ndani. Hapa Kwale anaweza kuzuru msitu wa Kaya Kinondo, njia ya mbao kwenye mikoko ya Gazi, au bustani ya matumbawe ya Wasini, ambako jamii zenyewe hupokea wageni. Mara nyingi safari hizo huuzwa kwenye meza ya watalii ndani ya hoteli. Kikundi chenye bei iliyoandikwa, risiti, maboya ya kujiokoa na leseni halali kina nafasi nzuri ya kuingia kwenye orodha ya meza hiyo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni mradi gani wa ufuoni unaopangwa katika wadi yetu, na muda wa maoni unakwisha lini?
2. Njia zetu za kwenda baharini zimeandikwa wapi?
3. Tunaweza kupeleka bidhaa gani kila wiki bila kukosa?
4. Tuna akiba ya kutuvusha hadi siku ya malipo?

Majibu yaandikwe na kupelekwa kwa msimamizi wa wadi kabla ya kikao cha maoni ya umma. Mgeni akishafungwa ukanda mkononi, mengi huwa yameshaamuliwa.