Kufundisha Jedwali la Swichi kwa Barua na Kamba

Utangulizi

Wanachuo wengi wanapopangiwa mada ya mitandao ya kompyuta wakati wa mazoezi ya kufundisha, huandika ubaoni maana ya swichi, huwataka watoto wainakili, kisha huihesabu kazi kuwa imekwisha. Sisi nasi tuliwahi kufundisha hivyo. Katika darasa la sita moja, baada ya nukuu kunakiliwa kwa mwandiko mzuri, tuliuliza: "Swichi ni nini?" Mtoto mmoja akanyosha kidole ukutani, pale panapowashwa taa. Hakuwa na kosa. Hiyo ndiyo swichi aliyoijua, na nukuu yetu haikumpa nyingine.

Tangu hapo tumelifundisha somo hili kwa mchezo wa barua. Halihitaji kompyuta wala umeme, ila lahitaji mwalimu aliyeielewa kazi yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alisisitiza katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule imjenge mtoto awe mdadisi. Jedwali la swichi ni mahali pazuri pa kuujaribu udadisi huo.

Jambo la kulielewa kwanza

Swichi ya mtandao ni chombo chenye milango mingi ya kuchomekea nyaya. Pakiti ya habari huingia kwa mlango mmoja, nayo swichi huamua itoke kwa mlango upi. Uamuzi huo hutegemea jedwali lenye safu mbili: anwani ya mpokeaji, na namba ya mlango.

Jedwali halielezi safari nzima. Msafiri atokaye Bunda akifika Makutano hukuta njia zikigawanyika, moja ya kwenda Musoma na nyingine ya kwenda Butiama. Kibao cha njia panda humwambia ashike njia ipi sasa, wala hakimwelezi yaliyoko mbele. Ndivyo lilivyo jedwali. Lakini mfano huu una mpaka wake: kibao huandikwa na mtu mara moja, hali swichi ya kawaida hujiandikia yenyewe. Mwalimu asipoutaja mpaka huo, mfano utapotosha.

Madhumuni

Mwisho wa vipindi viwili mwanafunzi aweze: (a) kujaza jedwali la swichi kwa kufuata barua zinazopita; (b) kueleza kwa nini barua yaweza kuzunguka bila kukoma; (c) kutofautisha jedwali linalojifunza na jedwali linalojazwa na msimamizi.

Vifaa

Vipande vya karatasi, kamba tatu, chaki, na maboksi matatu yaliyokunjuliwa yawe mbao za majedwali.

Hatua ya kwanza: swichi moja

Mwanafunzi mmoja awe swichi. Wanne wasimame kumzunguka, kila mmoja katika mlango wake: Wambura mlango wa 1, Bhoke wa 2, Magesa wa 3, Nyangeta wa 4. Jedwali liwe tupu. Kila barua iandikwe jina la mpelekaji na jina la mpokeaji.

Wambura amwandikie Magesa. Swichi hufanya mambo mawili kwa utaratibu huu. Kwanza husoma jina la mpelekaji na kuandika: "Wambura, 1". Pili hutafuta jina la mpokeaji. Kwa kuwa Magesa hayumo, hutoa nakala kwa milango yote isipokuwa ule barua ilikoingilia. Magesa ajibu. Swichi huandika "Magesa, 3", humkuta Wambura jedwalini, na kupeleka barua mlango wa 1 peke yake.

Hapo mwalimu aulize: "Bhoke amepokea nakala. Je, ameandikwa?" Wengi watasema ndiyo. Waacheni watazame jedwali. Bhoke hakuandikwa, kwa sababu swichi hujifunza kwa mpelekaji, wala si kwa mpokeaji. Asiyesema hajulikani alipo.

Kisha Wambura na Nyangeta wabadilishane nafasi kimya kimya. Barua ya Wambura sasa itamfikia Nyangeta. Ndiyo maana swichi hufuta mstari wa mtu asiyesikika kwa muda. Katika swichi nyingi muda huo ni sekunde 300, yaani dakika 5.

Hatua ya pili: swichi tatu

Wekeni swichi tatu, ziitwe Musoma, Bunda na Butiama, kila moja na wanafunzi wake. Fungeni kamba ya kwanza kati ya Musoma na Bunda, na ya pili kati ya Bunda na Butiama. Barua zikipita, wanafunzi wataona kwamba katika jedwali la Musoma majina mengi yanaelekea mlango mmoja, ule wa Bunda. Musoma haijui nani yuko Bunda na nani yuko Butiama, wala haina haja ya kujua.

Sasa fungeni kamba ya tatu, kati ya Butiama na Musoma, kisha Wambura aliyeko Musoma amwandikie mtu asiyekuwamo darasani. Musoma itatoa nakala kwa Bunda na kwa Butiama. Bunda itaipitishia Butiama, na Butiama itaipitishia Bunda. Kila moja itairudisha Musoma, nayo Musoma itaitoa tena. Nakala mbili zitazunguka, moja kulia na moja kushoto. Jedwali la Bunda nalo litafutwa na kuandikwa upya kila mara, maana Wambura aonekana mara kwa mlango wa Musoma, mara kwa mlango wa Butiama. Katika mitandao ya aina ya Itheneti pakiti haibebi hesabu ya kuisimamisha baada ya hatua kadhaa. Acheni barua izunguke mpaka wanafunzi wenyewe waseme, "Mwalimu, haiishi!"

Waulizeni dawa. Aghalabu mtoto mmoja atasema kamba moja ifunguliwe. Amefikia wazo la Radia Perlman, ambaye mwaka 1985, akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alitunga kanuni ya kuziwezesha swichi zenyewe kupatana ni waya upi unyamaze. Waya unaotumika ukikatika, ule ulionyamaza huamshwa.

Hatua ya tatu: msimamizi mwenye ramani

Kunyamazisha waya kunafaa ofisini. Katika mitambo mikubwa ya kukokotoa ni hasara. Mtambo wa Ranger, uliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Texas tangu mwaka 2008 hadi 2013, ulikuwa na kompyuta 3,936 zilizoshirikiana katika hesabu. Ulipostaafishwa, baadhi ya makabati yake yalipelekwa Afrika Kusini, kwa mpango wa kuwanufaisha pia wanasayansi wa nchi nyingine za Afrika, Tanzania ikiwamo. Katika kazi ya namna hiyo kompyuta moja ikichelewa kupata jibu, nyingine nyingi hungoja. Kwa hiyo kila waya unahitajika.

Ranger ilitumia mtandao wa aina ya InfiniBand. Humo swichi haijifunzi kwa wapitaji. Programu moja ya msimamizi huchunguza ramani nzima, huipa kila kompyuta namba kati ya 1 na 49,151, hukokotoa njia, kisha huandika majedwali ya swichi zote. Namba ya mpokeaji ndiyo namba ya mstari. Swichi hufungua mstari huo na kusoma mlango. Namba isiyo na njia, pakiti yake hutupwa. Haisambazwi kila mahali.

Darasani, mwanafunzi mmoja apewe ramani ya kamba zote tatu ajaze majedwali matatu. Barua zitapita moja kwa moja, na hakuna kamba itakayolala.

Kisha haribuni kidogo. Jedwali la Musoma liseme kwamba barua ya Magesa, aliyeko Bunda, ipitie Butiama. Na la Butiama liseme ipitie Musoma. Barua itakwenda na kurudi bila kufika. Waulizeni wanafunzi ni jedwali lipi lenye kosa. Ukilisoma la Musoma peke yake, halina ubaya, kwa kuwa toka Butiama mtu aweza kufika Bunda. La Butiama nalo vivyo hivyo. Kosa huonekana tu yakisomwa pamoja. Hili ndilo kiini cha somo: jedwali moja kuonekana sawa hakutoshi; yote hayana budi kukubaliana.

Mazoezi

1. Jedwali li tupu. Bhoke amwandikia Nyangeta, Nyangeta ajibu, kisha Magesa amwandikia Bhoke. Andika jedwali lilivyo sasa. Ni nani hajaandikwa?
2. Kamba ya Musoma na Bunda imekatika. Sahihisha majedwali yote matatu yaliyojazwa na msimamizi.

Neno kwa wanachuo

Zoezi la pili ndilo kipimo chenu. Mtoto atakayesahihisha jedwali la Musoma na kuyaacha mengine hajaelewa, hata akiisema maana ya swichi kwa ufasaha. Msimpe alama ya huruma. Mrudisheni kwenye kamba, mpeni barua mkononi, aifuate kwa miguu yake mpaka aone mwenyewe inakokwama.