Somo la Kiingereza: Mvua Kubwa

Msomaji, siku hizi habari za hali ya hewa hukufikia kwa redio na kwa simu, na mara nyingi ziko katika Kiingereza. Mkulima aliyeanika mahindi uani hana budi kuyaelewa maneno hayo sawasawa, kwani neno moja likimpotea, mahindi hulowa na kuota ukungu.

Kwanza, sisi husema mvua ni kubwa, lakini Waingereza husema ni nzito: "heavy rain". Usiseme "big rain". Utaeleweka, lakini si Kiingereza kizuri. Na ikiwa inanyesha sasa hivi, sema "It is raining heavily".

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya itoapo onyo la "heavy rain", mara nyingi hutaja mvua ya zaidi ya milimita 20 katika saa 24. Usiidharau. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita mraba. Basi milimita 20 katika eka moja ni zaidi ya lita 80,000. Ukiwa umetia mbolea ya kukuzia jioni ile, nyingi yaweza kwenda mtoni.

"Drizzle" ni rasharasha tu. "Downpour" ni mvua ya kumiminika, nayo huja kwa ghafula. Neno linalowapoteza wengi ni "showers", yaani mvua za kupita. Ukisikia "scattered showers", yaweza kunyesha kwa jirani na kwako kukabaki vumbi. Usitie mbegu ardhini kwa kutegemea neno hilo peke yake.

Tena "long rains" ni masika, Machi hadi Mei. Huo ni urefu wa msimu, wala si ukubwa wa mvua. Mvua ya usiku mmoja wakati wa vuli yaweza kubomoa matuta ambayo masika yote hayakuyagusa.

Waingereza pia husema "It is raining cats and dogs", eti wananyesha paka na mbwa! Mwandishi Jonathan Swift aliyatumia maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1738. Ni maneno ya mazungumzo, wala hayafai katika barua ya ofisini. Na "It never rains but it pours" si habari ya mvua hata kidogo. Maana yake taabu hazimjii mtu moja moja.

Mvua ikiharibu shamba lako, nawe wataka kumwandikia Bwana Shamba kwa Kiingereza, andika hivi: "Heavy rain fell on Tuesday night from eight o'clock until midnight. It washed away two terraces." Kama uliacha kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, pima kina cha maji kwa rula asubuhi, kabla jua halijayakausha, uongeze: "I measured 45 millimetres."